Siku Nilipoifukiza Bia ya Mama Jillo

Kuna karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa kiwanda kidogo cha bia pale Garsen, na katika karatasi hiyo kuna maneno matatu kwa mwandiko wangu, na mwandiko wangu ninyi mnaujua, ni wa mtu aliyeacha shule darasa la sita akiwa bado anaandika huku ametoa ncha ya ulimi. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo ni yapi. Leo nawaambia, ila mcheke kidogo kidogo, maana aliyeumia zaidi siku ile si mimi.

Niliondoka Malindi asubuhi moja bila mpango wowote. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara nakunywa chai ya rangi, lori la kreti tupu za embe likasimama, dereva akamuuliza muuza chai kama anamjua mtu wa kwenda kupakua Garsen, na kabla muuza chai hajafungua kinywa mimi nilikuwa nimeshapanda nyuma na kikombe chake mkononi (nilikirudisha, lakini baada ya mwezi). Ndivyo ninavyoishi. Nikiona kitu sikijui nakifuata, na nikishakijua naondoka.

Kreti zile zilikuwa za Mama Jillo. Huyu ni Mpokomo, mtu wa makamo, mkavu wa maneno, aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi kwa watengeneza bia, kisha akarudi kwao na matangi matatu ya mtumba na kuyasimamisha ndani ya godauni la zamani mwisho wa mji. Tangi moja bia ya embe, la pili ya ukwaju, la tatu ya asali. Sasa, Garsen ni mji wa misikiti, na Mama Jillo si mtu wa kutafuta ugomvi, kwa hiyo kabla hajawasha hata jiko alikwenda kukaa na majirani wakakubaliana: hakuna kibao mlangoni, na hakuna tone litakalouzwa kwa kikombe pale mjini. Bia yote itatoka imefungwa, iende mbali. Majirani wakatimiza upande wao na yeye akatimiza wake. Lakini mnaona maana yake? Mtu wa mbali asipoinunua, Mama Jillo hana pengine pa kuipeleka. Itakaa ndani ya tangi mpaka imfie.

Nilipokuwa napakua kreti nikasikia harufu ikitoka mlangoni, nikasema, kama mtu anayejisemea, "Hiyo ya ukwaju bado siku tatu."

Mama Jillo akageuka. "Wewe umejuaje?"

Nikamwambia baba yangu ni mgema, na hilo ni kweli, nimekulia chini ya minazi na kwa mwana wa mgema kuitambua pombe changa na iliyokwisha kupita ni kama kulitambua jina lake mwenyewe. Nikamwambia pia kwamba nimewahi kufanya kazi katika kiwanda kidogo cha bia huko Kilifi, na hilo nalo ni kweli. Kisha nikaongeza kwamba nilikuwa mwonjaji. Hilo si kweli. Nilikuwa nabeba machicha ya kimea kwenda kuwalisha nguruwe.

Siku ya tatu ukwaju ukakaa sawa kama nilivyosema, na Mama Jillo akaniajiri.

Nikapata chumba kwa jirani yake, uzio kwa uzio, kwa mama mmoja Muorma auzaye maziwa, Mama Halima. Alinipokea kwa sharti moja. "Wewe nafanya kazi ya pombe, sawa, hiyo iko kati yako na Mungu. Lakini harufu yake isiingie kwa boma yangu." Kwa hiyo kila jioni nilioga kwenye bomba la kiwanda kabla ya kuvuka, na yeye kila asubuhi na kila jioni alinipa kikombe cha maziwa, na maziwa yake, jamani, hayakuwa maziwa ya paketi. Waorma hawaoshi chombo cha maziwa kwa sabuni. Wanaweka makaa kwenye kigae cha chungu, juu ya makaa vijiti vya mti wao fulani, kisha chombo kinafunikwa juu ya moshi mpaka kishibe. Siku hizi hata madumu ya plastiki anayafukiza hivyo hivyo, ila anayainua kidogo yasiungue. Maziwa yakiingia humo hukaa siku mbili bila kuharibika, na yana ladha ya moshi ambayo siku ya kwanza ilinikohoza, siku ya tatu nikaizoea, na wiki ya pili nilikuwa siisikii tena kabisa. Likumbukeni hilo la kutoisikia.

Basi akapatikana mnunuzi. Bwana Charo, Mgiriama mwenzangu, mtu wa Malindi anayezipelekea vinywaji hoteli ndogo ndogo za ufukweni. Alimwambia Mama Jillo kwa simu kwamba atakuja mara moja tu, Alhamisi, ataonja akijaza alama kwenye fomu, na akiridhika atachukua matangi yote matatu na atakayopika baadaye. Asiporidhika, basi, hana muda wa kwenda Garsen mara mbili. Tangu siku ile Mama Jillo akawa halali vizuri, na kama vile hilo halitoshi, Jumanne akashikwa na mafua. Pua ikaziba kabisa. Alikula kitunguu kibichi mbele yangu akasema hakina hata habari.

"Karisa," akaniambia, "mpaka Alhamisi wewe ndiye pua yangu. Nionjee."

Nikaonja matangi yote matatu. Safi. Ya asali hasa, hiyo ilikuwa kitu kingine, ilikuwa na asali ya msimu mmoja mzima kutoka kwa wafuga nyuki wa kando ya mto, ukiimeza inarudi puani kama maua. Nikamwambia hivyo. Akafumba macho akasema, "Asante Mungu. Basi siku hiyo sitaki kusikia neno bahati mbaya. Umenielewa?"

Nikamwelewa. Ndiyo maana nikaogopa.

Alhamisi asubuhi alinipa kazi moja: nisafishe madumu matatu meupe ya lita tano, nichote bia kutoka kila tangi, niyaweke kwenye barafu. Sabuni hairuhusiwi, inaua povu na kuacha harufu. Kuna dawa maalum ya unga, inatiwa majini, inaua vijidudu na haiachi kitu. Ilibaki pakiti moja. Niliikata kwa meno, nikaiweka kwenye ukingo wa karo, nikafungua bomba, bomba likatema maji kwa nguvu kama linavyofanya maji yakikatika na kurudi, na pakiti ikaruka, ikalala ndani ya mtaro, na unga wote ukaenda na maji huku mimi naupungia mkono kama mtu anayemuaga mgeni.

Ningekwenda kumwambia wakati ule, mkasa huu usingekuwepo. Angenigombeza, angechemsha maji, tungeyasuuza madumu kwa maji moto, kwisha. Lakini masikioni mwangu kulikuwa na lile neno lake la bahati mbaya. Nikasimama pale na madumu matatu machafu, mgeni yuko njiani, na juu ya uzio wa Mama Halima nikaona moshi mwembamba unapanda.

Ikanijia ile akili yangu, mnaijua, inayokuja mbio na haina breki. Nikajiuliza: maziwa hukaa siku mbili kwa nini? Kwa sababu moshi umeua vijidudu. Na dawa ile ya unga kazi yake nini? Kuua vijidudu. Basi!

Nikaenda kwenye uzio. "Mama Halima, niazime kigae chako na makaa kidogo na vile vijiti."

"Ya nini?"

"Kufukiza vyombo."

"Vyombo ya maziwa?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Neno dogo. Nikapewa kigae kwa mikono miwili, na onyo kwamba ni cha chungu cha mama yake mzazi. Nikayafukiza madumu yale moja baada ya jingine nikiyainua kidogo yasiungue, kwa ustadi ambao hata Mama Halima angeusifu, nikayasuuza mara moja kwa maji, nikanusa. Sikusikia kitu kibaya. Nilisikia harufu ya asubuhi, ya nyumbani tu. Nikachota bia, nikafunga, nikaweka kwenye barafu, na kigae nikakiacha kando ya bomba nikijiambia nitakirudisha baadaye. Nilijisifu pia, msinifiche uso, nilijisifu.

Bwana Charo alifika saa nne na gari lake, mtu mnene mpole mwenye faili kwapani. Pamoja naye tulikuwa na Mwalimu Komora, mwalimu mstaafu, binamu yake Mama Jillo, aliyealikwa kuwa shahidi kwa sababu hunywa kidogo na kuandika sana. Tukaketi wanne kwenye meza moja ndani ya godauni. Kila mtu fomu yake: rangi, povu, harufu, ladha, kinachobaki kinywani, na chini kabisa sehemu imeandikwa "Kasoro". Mama Jillo akamimina mwenyewe. Bilauri ikagonga dumu, akacheka kicheko kisicho na sauti.

"Mwenye pombe huonja kwanza," akasema Bwana Charo kwa utani, kama tunavyosema kwetu.

"Mwenye pombe hana pua leo," akajibu Mama Jillo. "Pua yangu ni huyu." Akaniwekea mkono begani.

Nikaonja. Mbele ya Mungu, nawaambia nilichokisikia: embe, kisha uchungu mdogo mzuri. Nikaandika tisa. Ukwaju, nane. Asali, nikaandika tisa nikatamani kuandika kumi. Sehemu ya kasoro nikaiacha wazi. Nikainua macho nikiwa nimetabasamu tayari kuzungumza kitaalamu.

Bwana Charo hakuwa akitabasamu. Alikuwa ameinusa ya kwanza, akaiweka. Akainusa ya pili, akaiweka. Akaonja ya tatu, akanywa maji, akarudi kwenye ya kwanza. Mwalimu Komora alikuwa akisogeza ulimi ndani ya shavu kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki. Nje akawika jogoo mmoja.

"Mama Jillo," akasema Bwana Charo polepole, "kimea chako kimekaushwa kwa kuni?"

"Hapana."

"Mbona basi zote tatu zina moshi?"

Mama Jillo akashika bilauri, akanusa, akanusa tena kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, hakupata kitu. Akaniangalia. "Karisa?"

Nikainua bilauri ya asali na safari hii nikaonja kama mtu ambaye hajawahi kunywa maziwa ya Mama Halima. Na pale, nyuma ya maua, ukaja. Moshi! Moshi mnene wa vijiti vyao, umekaa juu ya ile asali kama nzi juu ya kitindamlo.

Ningesema, "Ni madumu, nimeyafukiza mimi." Maneno manne matano. Lakini wote watatu walikuwa wananitazama, mtaalamu wa Kilifi, pua ya kiwanda, na ulimi wangu ukachagua kunitetea kabla sijauuliza.

"Ni hamira," nikasema. "Hamira ikichafuka hutoa moshi. Niliiona Kilifi. Tangi zima linageuka kwa usiku mmoja."

Na ubaya wake ni kwamba halikuwa neno la kubuni. Nilimsikia mpika bia wa Kilifi akimwambia mgeni hivyo hivyo, nami nimeinama napakia machicha. Bwana Charo akaitikia kwa kichwa. "Kweli. Hata mimi nimewahi kusikia. Na ikishaingia, haitoki." Akafunga faili. Akalifunga kwa upole, mkono wake ukabaki juu ya jalada kidogo, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kama angelitupa. "Pole sana, mama. Siwezi kuwapelekea wenye hoteli."

Mwalimu Komora akasimama kumsindikiza mgeni mpaka kwenye gari nje ya lango. Tukabaki mimi na Mama Jillo.

Hakulia. Aliinuka, akazikusanya bilauri, akazipanga, akaenda kusimama mbele ya matangi. "Hamira ni moja," akasema, kama anayejihesabia. "Niliipanda kwenye la asali, nikaihamisha kwenye haya mawili. Ikiwa imechafuka, imechafuka yote. Mipira, koki, kila kitu."

"Mama Jillo, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Watu wanangoja kusikia kwamba hapa ndani kuna uchafu. Sitawapa." Akashika koki ya tangi la asali akaizungusha yote.

Lita mia mbili zina sauti. Zilitoka kwa kishindo, zikapiga sakafu, zikaenda mtaroni na povu lake jeupe. Na harufu iliyopanda, ndugu zangu, ilikuwa asali tupu. Hakukuwa na hata chembe ya moshi.

Hapo ndipo nilipoupata ulimi wangu. "Mama Jillo, funga! Bia ni safi! Ni madumu! Ile dawa ilimwagika, nikayafukiza kwa moshi! Nusa!"

"Kwa pua gani?"

"Naapa, ni mimi!"

Akaniangalia kwa huruma. Huruma, mimi! "Karisa, usinibembeleze. Nani duniani anafukiza dumu la bia? Umeshasema ni hamira, na umesema vizuri." Nikanyoosha mkono kushika koki, akaupiga. "Usiguse tangi langu."

Nikakaa hapo nikiona bia inakwenda, nikisema kweli, na kweli yangu haina mnunuzi, kwa sababu uongo wangu ulikuwa umeingia kwanza ukakalia kiti.

Mtaro ule wa kiwanda unapita chini ya lango, na nje ya lango unapinda kuelekea uwanja wa Mama Halima, pale anapowafunga ndama. Siku zote hubeba maji tu. Siku hiyo ulibeba bia ya asali, na ndama, kwa kuwa ndama hawakukaa kwenye kile kikao cha majirani, wakaanza kulamba.

"Mama Jillo! Weee, Mama Jillo!" Sauti ya Mama Halima ilisikika mpaka barabarani. "Pombe yako nakuja kwa ndama yangu! Hivi ndio tulisema?"

Mama Jillo akatoka mbio, nami nyuma yake. Langoni walikuwa wamesimama Bwana Charo, mkono kwenye mlango wa gari, Mwalimu Komora, na majirani kama sita waliovutwa na kelele. Mama Halima alikuwa amesimama nje kabisa ya mstari wa lango, maana huo mstari hajawahi kuuvuka, anafukuza ndama kwa leso. Mama Jillo akaanza kuomba radhi kwa mikono miwili. Na katikati ya radhi hizo macho ya Mama Halima yakapita juu ya bega lake, yakatua kwenye bomba.

"Ile si kigae yangu?"

Nikajaribu kusimama mbele ya kigae. Mtu mwembamba kama mimi hafichi kitu.

"Karisa, kigae yangu nafanya nini kwa nyumba ya pombe? Wewe sema nataka kufukiza vyombo ya maziwa. Maziwa iko wapi hapa?"

Ndama mmoja akapiga chafya. Mwalimu Komora akaingia ndani, akarudi na dumu moja, akalimwaga, akalinusa, akampa Bwana Charo, naye akalinusa, na wote wawili wakanigeukia taratibu kama milango.

"Umefukiza?" akauliza Mwalimu Komora.

"Dawa ilimwagika, mwalimu."

Bwana Charo hakungoja. Aliacha mlango wa gari wazi akaenda ndani, akakinga kiganja chini ya koki ya tangi la asali ambayo bado ilikuwa inatoka, akanywa kutoka kiganjani kama mtoto. Akakinga tena. Kisha akapiga kelele, na hiyo ndiyo mara pekee nilimsikia akipaza sauti: "Funga! Funga, mama, funga!"

Mama Jillo akafunga. Yaliyobaki ndani yalikuwa mashapo mazito ya chini tu.

Wakaonja tangi la embe kwa bilauri safi, kisha la ukwaju. Safi yote mawili. Bwana Charo akafungua faili lake tena, akaandika, akasema atayachukua. Kisha akabaki amesimama mbele ya tangi la asali, ameweka mkono juu ya chuma. "Hii ndiyo ningeichukua kila mwezi," akasema. "Ingine lini?"

"Asali huvunwa mara moja," Mama Jillo akajibu. "Mpaka msimu ujao." Akafuta uso kwa kanga.

Aliyenisema ni Mwalimu Komora, na mimi ningependelea kofi. "Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hawakumwona mwana wake. Huyu ukimsifu analitia moshi." Majirani langoni wakaangua kicheko, mpaka mzee mmoja akashika uzio. Hata Bwana Charo alikohoa akigeukia ukuta.

Mama Jillo hakucheka. Alichukua fomu yangu mezani, akaisoma: tisa, nane, tisa. Akanirudishia, akanipa kalamu. "Fomu yako haijakamilika. Sehemu ya kasoro umeiacha wazi."

"Niandike nini?"

"Ulichokisikia."

Nikaandika mbele yao wote, nimeinama, ulimi nje, herufi moja moja, na nilichukua muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyopaswa kuchukua kwa maneno matatu: Moshi ni wangu. Akaipokea, akaisoma kwa sauti ili na walio langoni wasikie, akaenda kuibandika ukutani juu ya karo, pale pakiti ilipoanzia kuruka.

Nilidhani yamekwisha. Nikakichukua kigae, nikakisugua kwa mchanga, nikakisuuza mara tatu, nikamvushia Mama Halima langoni kwa mikono miwili. Hakukipokea. "Moto yangu imeingia kwa pombe," akasema, taratibu sasa, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hiyo sitaweka tena chini ya maziwa." Akanionyesha jiwe. Nikakivunja mwenyewe, kigae cha chungu cha mama yake. Kigae hakinunuliwi dukani, mnajua. Ni mpaka chungu kizuri kivunjike.

Kesho yake alfajiri nilikunja mkeka wangu. Mama Jillo alinijia mlangoni akanipa mshahara wangu bila kupunguza kitu, akasema, "Ulimi unao, Karisa. Tatizo ni kwamba umekutangulia." Nikapanda lori la kwanza lililosimama, la magunia ya chumvi ya mifugo, sikuuliza linakwenda wapi, nilitaka tu mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayepika bia. Lilikuwa linakwenda Bangale, mbali huko bara.

Tukafika alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Dereva akanielekeza nyumba ya mama mmoja mwenye duka la unga na sukari, ana vyumba viwili vya wageni nyuma. Nikabisha hodi. Akatoka mwanamke mrefu na simu mkononi, akanitazama miguu, akanitazama uso, na kabla sijataja jina akasema kwenye simu, "Amefika, dada. Ndiyo, mwembamba." Kisha kwangu: "Wewe ndiye nafukiza pombe?"

Mdogo wake Mama Halima. Kilomita zote zile.

Nikasema ni mimi. Ndilo jibu la kwanza la haraka nililowahi kutoa ambalo sikulijutia. Akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la unga, kisha akaingia ndani akaniletea kikombe cha maziwa, akasimama mbele yangu na mikono kiunoni. "Hii nimefukiza mimi leo asubuhi. Wewe ni mtaalamu. Moshi imezidi ama haijazidi?"

Nikaonja. Nilikuwa na majibu matatu tayari mdomoni, yote mazuri, moja lilikuwa na Kilifi ndani yake.

"Mama," nikasema, "ulimi wangu umeshazoea moshi. Usiutegemee."

Akatikisa kichwa, akachukua funguo, akanionyesha chumba: kitanda cha kamba, dirisha dogo, ndoo ya maji. Pazuri tu. Tulipopita mlango wa jikoni akasimama, akaninyooshea kidole, kwanza mimi, kisha rafu yenye vyombo vyake vimepangwa na kigae kimelazwa chini yake.

"Hapa," akasema, "hata ikiungua, usisaidie."